Shemeji Anataka Magofu

Siku ya ndoa ya mwanangu Hayat, shemeji yangu Khaled aliamka, akanywa chai, akafuta mdomo, akasema anataka kwenda kuona magofu.

Nilikuwa uani kwetu Buyenzi, hapa Bujumbura, kisu mkononi, mbele yangu gunia la vitunguu na masufuria ya kuazima yenye ukubwa wa kuoshea watoto. Jirani yangu Epiphanie, ambaye tangu alfajiri alikuwa akichagua mchele pamoja nami, aliacha kuchagua. Tukatazamana.

"Magofu gani, shemeji?"

"Yale ya kwenye visiwa, kule Rusizi inapoingia ziwani. Nasikia kuko nyumba za zamani za Waarabu. Tunakodi boti, tunashuka kisiwa hiki, tunapanda, tunashuka kile, saa sita tumesharudi. Mi kila mwaka nikiwa Ugiriki ndo nafanya hivyo."

Ugiriki! Huyu Khaled ni mdogo wake Idi, mume wangu. Ameishi Liège, Ubelgiji, tangu kabla ya vita, anaendesha basi, na kila likizo hununua tiketi ya bei ya chini aende kuzunguka visiwa vya Wagiriki. Picha zote alizowahi kututumia ni yeye na mawe. Khaled kando ya nguzo iliyovunjika, Khaled kando ya ukuta ulioanguka, Khaled amevaa kofia ya majani anacheka mbele ya nyumba isiyo na paa. Sisi huku nyumba zisizo na paa tulikuwa nazo za kutosha tangu vita, mtaa mzima wa Kamenge, na hakuna aliyeuza tiketi.

Lakini sikuweza kumwambia aende zake, kwa sababu bila yeye hapakuwa na ndoa. Binti wa Kiislamu haozwi na mama yake, hata kama mama ndiye aliyemlea kwa jasho na kwa kwikwi. Anaozwa na baba. Baba akiwa hayupo duniani wanatazamwa babu, kaka, halafu baba mdogo. Hayat hana kaka, babu yake alizikwa zamani, aliyebaki ni Khaled peke yake. Yeye ndiye walii. Tulipanga siku kwa kufuata tiketi yake ya ndege, na wakwe walikubali. Nao wanatoka Uvira, ng'ambo ya mpaka. Walipaswa kupita kizuizi cha Gatumba asubuhi na kurudi Gatumba jioni na bibi harusi wao, kabla kizuizi hakijafungwa. Na mwaka ule wa 2004, ingawa wakubwa walishatia saini ya amani na wengi wetu tulianza kulala bila viatu, risasi moja ikilia vilimani kizuizi kilifungwa hata kama jua liko utosini.

"Nikaha ni baada ya Adhuhuri," nilimwambia. "Baada ya Adhuhuri, shemeji. Apana Alasiri."

"Nimesikia. Haraka haraka haina baraka."

"Basi kabla hujaenda, pita kwa sheikh, umpe uwakala. Umwambie kwa mdomo tu: nikichelewa, niozeshee. Inaruhusiwa."

Hapo akainama kufunga kamba za viatu, akazifunga polepole mno. "Apana," akasema. "Nitakuya mwenyewe."

Nikamkabidhi Epiphanie kisu. Sikuwa na njia nyingine. Mtu huyu nisingemwachia ziwa peke yake.

"We enda, mama Hayat," Epiphanie akasema. Yeye ni Mkristo, lakini kwa pilau ya Waislamu hana mwalimu. "Nyungu nitalinda mi. Ule mwanaume ukimwacha peke yake, ataozesha samaki."

Basi mama wa bibi harusi, hina mkononi haijakauka, nikapanda boti kwenda kutalii.

Boti ilikuwa ya Hamimu, kijana wa mtaani kwetu mwenye injini inayokohoa na maneno mengi. Pale ufukweni palikuwa na askari wawili chini ya turubai. Mmoja akatuuliza tunakwenda wapi. "Tourisme," Khaled akajibu, na kuinua kamera yake shingoni. Askari yule alicheka mpaka ikabidi aishike bunduki isimwangukie. Akamwita mwenzake aje amwone mtalii. Nafikiri neno hilo lilikuwa halijatamkwa ufukweni pale kwa miaka kumi. Wakatuachia, wakitupungia mkono kama watoto.

Kisiwa cha kwanza hakikuwa kisiwa. Kilikuwa fungu la mchanga lenye matete na ndege weupe, na viboko wawili upande wa pili wakitutazama kwa macho ya watu wanaodai kodi ya pango. Khaled akashuka na suruali yake nzuri, akapiga picha matete, akapiga picha ndege, kisha akawaendea wavuvi watatu waliokuwa wakishona nyavu. Akazungumza nao muda mrefu, amenipa mgongo. Mimi nilibaki botini, kitenge kichwani, nikilitazama jua.

"Shemeji, twende!"

"Nakuya!"

Hiyo "nakuya" ilichukua muda wa kuchemsha maharage. Aliporudi uso ulikuwa umemshuka, lakini nikafikiri ni joto. Watu wa Ulaya hawaliwezi jua letu, hata waliozaliwa chini yake.

Kisiwa cha pili vilevile. Mchanga, matete, kibanda kimoja cha majani, wazee wawili wakianika ndagala, vile vidagaa vya ziwa letu. Khaled akapiga picha ya kibanda, tena ya haraka, ya mtu anayetimiza wajibu, akawaendea wale wazee. Safari hii nilichoka kukaa. Nilikunja kitenge cha kiunoni, nikashuka majini mpaka magotini, nikamfuata nimwambie kwamba wakwe saa hizi wamefika, wameketi, wanauliza yuko wapi mwenye mwali.

Nikafika nyuma yake bila yeye kujua. Wazee wale walikuwa wameinamia kitu kilicho kwenye kiganja chake. Ilikuwa picha ndogo ya pasipoti. Kijana mwenye kofia nyeupe na masharubu membamba.

Mume wangu.

"Mutazame vizuri," Khaled alikuwa akisema. "Sasa atakuwa amezeeka kidogo. Labda anachechemea. Kuko mutu aliniambia amemuona huku na wavuvi."

Wazee wakatikisa kichwa. Niligeuka nikarudi botini, na Hamimu alipoona uso wangu hata yeye alifunga mdomo.

Niseme habari ya Idi, maana bila hiyo mtaniona mimi ni mkorofi tu. Idi alikuwa fundi wa magari. Mwezi wa tatu mwaka 95, zile wiki mtaa wetu ulipovamiwa na watu wakafukuzwa usiku na mchana, alitoka asubuhi kwenda kutazama gari la mteja lililozimika Cibitoke. Nilimwambia asiende. Akaniambia gari halijui siasa. Hakurudi yeye, halikurudi gari, halikurudi hata sanduku la spana. Nilizunguka hospitali, nilizunguka kambi, nilizunguka mitaro. Ndiyo, mitaro. Nimefunua nyuso ambazo mpaka leo zinakuja nikifumba macho. Sheikh akasema ningoje miaka minne, nikangoja. Miaka minne ilipokwisha nikavaa nguo ya eda, nikakaa ndani peke yangu, mjane wa mtu asiye na kaburi. Nilipotoka nikaanza kuuza vitenge, nikasomesha mtoto. Yaliisha. Niliyamaliza mwenyewe, kwa mikono hii.

Na muda wote huo, kila Ijumaa, simu ya Khaled kutoka Liège. "Kuna habari?" Kila Ijumaa! Namwambia hakuna habari, shemeji, soma Yasini. Hasomi. Khitma haleti. Mwaka mmoja alituma mashati mawili mapya ya kiume, saizi ya Idi, nikayagawa msikitini kwa hasira. Mtu aliye mbali anaweza kutumaini bure, haimgharimu kitu. Anayelala na upande mmoja wa kitanda mtupu ndiye anayejua bei yake.

Boti ikaondoka. Khaled alikaa mbele, amenipa mgongo, na mimi nilikuwa nimefungua mdomo nianze, injini ikapiga kelele moja ya ajabu ikanyamaza. Propela imemeza nyavu za watu. Hamimu akavuta kamba, hakuna kitu. Tukachukuliwa na maji, polepole, mpaka kisiwa cha tatu.

"Mungu mkubwa," Hamimu akasema. "Haya, patron, magofu yako ndo haya."

Kweli yalikuwepo. Juu ya mwinuko palisimama kuta nne fupi za mawe na saruji, hazina paa, mtini umeota ndani, mbuzi wamelala kivulini. Hamimu akaingia majini na kisu kuzikata nyavu. Khaled akapanda mwinuko, nami nyuma yake.

Ndani ya kuta kulikuwa na mwanamke anageuza samaki kwenye jamvi. Akatukaribisha, akatwambia anaitwa Nsimire, ametoka upande wa Kongo kukimbia vita vya kule, akajikuta kwenye vita vya huku. Khaled, nadhani kwa aibu tu, akainua kamera. "Mama, hizi ni nyumba za Waarabu?"

"Waarabu gani? Hii ilikuwa frigo ya Mugiriki mmoja. Zamani za Babeleji, wakati wa ukoloni. Alikuwa anaweka samaki na barafu."

Wakati mwingine wowote ningecheka mpaka nikae chini. Mtu ametoka Ulaya, ameniharibia siku ya ndoa, kuja kutazama jokofu la Mgiriki! Lakini kicheko hakikuja. Kilichokuja ni kile nilichokibana tangu kisiwa cha pili.

"Shemeji," nikamwambia, "we ulikuya kuozesha mutoto, ao ulikuya kutafuta mufu?"

"Usimwite hivyo."

"Nimwite nani? Nimwite mutalii? Miaka tisa! Mi nimemtafuta wakati damu bado mbichi, sikumwona. We unakuya leo, leo kati ya siku zote, na kamera shingoni unatudanganya magofu!"

"Kuko mutu wa Uvira, tulikutana kule Liège, ameapa amemuona..."

"Ameapa! Na alikula kwako akiapa?"

Akaanza kufunga kifuniko cha kamera. Nikajua alikula.

"Wakwe wamekaa," nikaendelea. "Mutoto amepambwa. Sheikh anangoja. Na uwakala ulikataa kutoa. Kwa nini? Unataka nini, Khaled?" Ilikuwa mara ya kwanza nimwite kwa jina lake bila kumwita shemeji.

Alikaa juu ya ukuta. Alikuwa na miaka arobaini na tatu, lakini pale alikaa na mabega yameanguka, mikono katikati ya magoti. "Sheikh atauliza," akasema. "Nikimpa uwakala atauliza, nikikaa mwenyewe atauliza. Baba ya binti iko wapi? Mbele ya watu wote. Na mwenye kujibu ni mi, kwa sababu mi ndo walii. We ulishasema. Mutaa ulishasema. Mi sijasema bado, da Mwanvua. Hata siku moja kinywa changu hakijasema. Nikisema leo, ni kama nimemzika mi."

Kama mnadhani nililainika, hamnijui. Nilizidi kuwaka.

"Umempata wapi hata umzike? Mi nimemzika bila mwili, bila sanda, bila ndugu hata mmoja wa kunishika mkono! We kule unakula tumaini lako na viazi, mi huku ndo ninalifua na kulianika. Sikiliza. Usiporudi, sheikh atamwoza mutoto kwa ukadhi wake, kama mutoto asiye na ukoo aliyeokotwa barabarani. Watu wa Uvira watasikia, na watamwambia hivyo kila siku watakayogombana naye. Idi hakuacha mutoto wa hivyo. Asiyekuwepo na lake halipo, lakini huyu mutoto ni lake, na yuko."

Khaled alitoa ile picha mfukoni, akamwonyesha Nsimire. Nilitaka kuinyakua. Nsimire alifuta mikono yake ya magamba kwenye kanga, akaishika kingoni kwa heshima, akaitazama kuliko wote walioitazama siku ile.

"Apana," akasema. "Huyu hajafika hapa." Akamrudishia. Kisha, kwa sauti ileile, kama anayeulizia bei ya chumvi: "Na we, baba, huko unakopita, hukuonana na mutu anaitwa Cirimwami? Murefu. Iko na kovu hapa kwenye nyusi. Alisema atanifuata, ni mwaka wa saba."

Khaled akamtazama. Akaniangalia mimi. Akatazama tena ile picha, akairudisha mfukoni.

"Apana, mama," akamjibu. "Sikumwona."

"Ukimwona, umwambie niko kwa Mugiriki."

Shemeji yangu alishuka mwinuko ule bila kunisubiri, akaingia majini na viatu, akaanza kuvuta nyavu pamoja na Hamimu kwa mikono mitupu.

Tulipokaribia mji, adhana ya Alasiri ilikuwa inatoka. Simu yangu ikalia, Epiphanie. Alikuwa ananong'ona. "Mama Hayat, mko wapi? Wakwe walitaka kusimama, nikawapakulia. Wamemaliza, nikawaongeza. Mutu mwenye sahani kwenye magoti hatoki. Lakini pilau imebaki ukoko, na sina kingine cha kuwafungia hawa watu." Nikamwambia awape ukoko na chai ya tangawizi. Wakati huo Khaled alikuwa ameinama ukingoni mwa boti, ananawa uso na maji ya ziwa, ananawa tena na tena.

Tulifika. Mtaa ulikuwa umefungwa kwa turubai na majamvi, wanaume wamejaa, mzee wa upande wa Uvira ameshika saa yake mkononi badala ya kuivaa. Mtu akamvisha Khaled kanzu juu ya suruali iliyolowa. Sheikh alikuwa ameshamwuliza Hayat ridhaa yake mlangoni. Mimi nikapita uani, nikaingia kwa wanawake, nikanuka samaki kuliko bibi harusi alivyonukia udi, nikaketi kando yake. Hayat alinishika goti.

Nje, kipaza sauti kilikoroma, kikakaa sawa. Kwetu nikaha husomwa kwa kipaza sauti ili wanawake ndani wasikie, na mtaa mzima ushuhudie, hata wasioalikwa.

"Walii ni nani?"

"Ni mi. Khaled, mwana wa Selemani. Baba mdogo wa binti."

"Baba mzazi wa binti yuko wapi?"

Nilisikia jenereta ya kinyozi. Nilisikia sahani ikigongana jikoni na Epiphanie akimkaripia mtu. Kile kipaza sauti kilikuwa kinatoa pumzi za Khaled tu, moja, nyingine, mtaa mzima unazisikia. Mle ndani wanawake waliinamisha macho. Na mimi, moyoni, nilikuwa namsukuma kama gari lililozimika. Sema. Sema, mwanaume, kizuizi kinafungwa. Neno moja tu, nimelisema mimi mara elfu, halijaniua.

"Ni marehemu," Khaled akasema. Sauti ilikatika, akairudia. "Kaka yangu Idi ni marehemu. Mungu amrehemu."

"Amina," wanaume wakaitikia, na mtaa ukaitikia.

Mengine yalikwenda mbio. Mkono ukashikwa, nimekuoza, nimekubali, fatiha ikasomwa. Wanawake wakapasuka kwa vigelegele, Epiphanie akaja mbio kutoka jikoni na mwiko wake akawapita wote. Kule nje walishaanza kukunja majamvi ili wawahi Gatumba.

Mimi nilikuwa nimesimama. Sijui nilisimama saa ngapi. Nilitaka kutoka kwa wanaume hivyohivyo, kichwa wazi, nimnyang'anye Khaled kile kipaza sauti, niwaambie wote wangoje kidogo, kwamba shemeji yangu amechoka na jua, hajui anachosema, kwamba kuna mtu wa Uvira ameapa. Duniani kote alikuwa amebaki mtu mmoja ambaye kwake mume wangu alikuwa hai. Mmoja tu. Nami nilimfuata siku nzima, kisiwa hadi kisiwa, nikimgombeza, mpaka naye akakubali.

"Mama," Hayat akaniambia, "mbona hupigi vigelegele?"

Nikafungua mdomo. Mwanangu alikuwa ameolewa, alistahili. Nikapiga.